Punje ya Mukago

"Umeruka Nkwenda," alisema Mwajabu.

Saleh alijifanya hakusikia. Alikuwa amepiga magoti kwenye jamvi katikati ya duka lake, na mbele yake amepanga kahawa ya kutafuna, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa ambazo katika Karagwe yote mgeni hupewa kabla ya neno lolote. Kila buni ilikuwa kituo cha safari. Moja Rugu, moja Igurwa, na ya tatu ilikuwa imerudi palepale dukani. Watoke Jumamosi, warudi Jumatano, Ijumaa iwakute msikitini na mizigo imekwisha kufungwa kwa ajili ya Bukoba.

"Nimesema umeruka Nkwenda."

"Nkwenda ni mbali."

"Mzee Shabani alikwenda mwezi uliopita na chumvi yake. Na miguu yake ile mibovu alirudi anaimba."

Saleh alisogeza buni ya Igurwa kidogo kushoto, kisha akairudisha.

Safari yenyewe ilikuwa ya ajabu hata kwa mfanyabiashara wa siku nyingi. Mzungu mmoja alikuwa amefika Bukoba akitafuta vitu vya kale. Hakutaka pembe wala ngozi. Alitaka vigoda walivyokalia mababu, mikuki iliyoliwa na kutu, vikapu, vibuyu, vyombo vya maziwa vilivyochongwa kwa mti, na kadiri kitu kilivyochakaa ndivyo alivyozidi kukishika kwa adabu. Alikuwa amewaambia wafanyabiashara wote kwamba atakayemletea vizuri kabla meli ya moshi haijaondoka mwisho wa mwezi, huyo ndiye atakayemtafutia vitu mwaka mzima. Saleh alikuwa na duka dogo la kaniki, ushanga, sindano na chumvi. Alizaliwa Tabora kwa baba aliyetoka pwani, na katika maisha yake yote hakuwahi kuchaguliwa na mtu kwa lolote ila na mwanamke huyu aliyesimama mlangoni.

"Nisikilize, Bwana," alisema Mwajabu. "Rugu ni watu wa jembe. Watakuuzia majembe yaliyokwisha na vinu vilivyopasuka. Igurwa utapata vikapu. Lakini vitu vya kale hasa viko kwa watu waliokuwa na ng'ombe kabla ya ugonjwa wa sotoka, na hao wako Nkwenda. Ng'ombe walikufa, vyombo vikabaki. Kwa Bitegeko kipo kimoja cha maziwa. Kidogo, hivi." Akakunja viganja viwili pamoja kuonyesha. "Cheusi tii kwa moshi. Kifuniko chake kimesukwa kwa mkono wa bibi yake."

Basi, jina likawa limetajwa.

Bitegeko alikuwa mume wake wa kwanza. Miaka mitano iliyopita Mwajabu, ambaye wakati huo hakuitwa Mwajabu, alirudi kwao, baba yake akarudisha mahari, na siku moja akaja dukani kununua chumvi. Akaja tena, na chumvi ya mara ya kwanza haijaisha. Mara ya tatu Saleh alimpima chumvi ovyo hata majirani wakacheka. Alisilimu, akapewa jina, wakaoana. Katika miaka hiyo yote mitano hakuwahi kusema neno moja juu ya mtu wa Nkwenda. Mtu mwingine angeshukuru. Saleh aliona kwamba kitu kinachofichwa vizuri namna ile lazima kiwe cha thamani.

Alimwonea wivu Bitegeko bila kumjua. Alimwonea wivu kwa mambo ambayo hata yeye aliona aibu kuyataja. Walipokuja wateja wa mashamba, Mwajabu aliongea nao Kinyambo, na katika Kinyambo alikuwa na kicheko kilichotoka tumboni, kinachomfanya ashike mlango asianguke. Kwa Kiswahili hakuwahi kucheka hivyo. Kinyambo cha Saleh kilikuwa cha dukani tu: chumvi, nguo, ng'ombe, ghali, ngoja, mtoto anataka nini. Kwa hiyo kila kicheko cha mkewe alikiweka kwenye hesabu ya mtu mrefu wa Nkwenda, maana alikwisha kuamua kwamba ni mrefu. Hakuwahi kumwuliza mkewe lolote. Aliogopa kwamba angemjibu.

"Nitakwenda peke yangu," alisema sasa.

"Na huko Rugu utaongea nao kwa lugha gani? Utawauliza mtoto anataka nini?"

Mwajabu alichukua buni moja kutoka kwenye kikapu, akainama, akaiweka mwenyewe kati ya Igurwa na dukani. Kisha akaenda jikoni kugeuza ndizi.

*

Alasiri, baada ya sala, Saleh alimkuta Mzee Shabani barazani pa msikiti akikanda goti lake.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Mbona uso umekunjamana kama gunia tupu?"

Saleh alimweleza safari, akaeleza vitu vya kale, akaeleza Mzungu na meli yake, na mwishoni kabisa, kama mtu anayekumbuka jambo dogo, akamtaja Bitegeko. Mzee Shabani alikuwa mtu wa miaka mingi katika biashara. Aliacha goti lake mara moja.

"Kwa hiyo una wivu."

"Sina wivu. Nauliza tu namna ya kwenda nyumbani kwa mtu kama yule."

"Una wivu, na si dhambi. Chanjana naye."

"Nini?"

"Fanya naye mukago. Udugu wa damu." Mzee Shabani akafunua kanzu yake na kumwonyesha alama tatu ndogo karibu na kitovu. "Hizi unazoziona, ni ndugu zangu watatu, kila mmoja na kilima chake. Kwa hizi nimepita nchi hii tangu nyinyi hamjazaliwa na hakuna aliyegusa hata uzi wangu. Mkishachanjana, wewe ni ndugu yake, na mkeo ni mke wa nduguye. Hawezi kumtazama vibaya hata akitaka. Kiapo kitamvimbisha tumbo afe, na wao wanakiogopa kuliko askari."

"Lakini ile damu, Mzee. Ni haramu."

"Wanapaka kwenye punje ya buni. Buni moja ina punje mbili, wewe unapewa moja, naye moja. Weka chini ya ulimi, ukitoka nje kojoa nyuma ya migomba na uteme hukohuko. Mimi nimetema zote tatu."

Saleh alirudi nyumbani akitembea kama mtu mwingine. Aliona jinsi jambo lilivyofungana vizuri. Kuruka Nkwenda kulikuwa woga, na mkewe angeujua. Lakini kwenda Nkwenda na kuufunga mlango kwa kufuli yao wenyewe, ndani ya nyumba ya mtu yule, mbele ya macho yake, hiyo ilikuwa akili. Mwajabu hakuambiwa. Aliambiwa tu kwamba Nkwenda imo katika safari, naye akajibu, "Vizuri," kwa sauti ndogo sana, na usiku kucha Saleh aliipindua ile sauti ndogo kutafuta upande wake wa chini.

*

Walitoka Jumamosi wakiwa na wapagazi wawili. Rugu kulikuwa kama alivyosema Mwajabu, majembe na vinu, ingawa kikongwe mmoja alitoa kigoda cha miguu mitatu kilichong'aa kwa kukaliwa, akauliza mara mbili kama ni kweli Mzungu atakikalia. Igurwa walipata vikapu vinne vya kusukwa na mkuki usio na mpini. Mwajabu ndiye aliyeongea. Alikuwa na namna ya kukishika kitu bila kukisifu wala kukiponda, akaulizia aliyekitengeneza, akaulizia kama yu hai, na mwenyewe akishamaliza kumkumbuka marehemu bei ilikuwa imejishusha yenyewe. Saleh alifunga mizigo. Kila mwanaume aliyemsalimu mkewe alimpima urefu.

Jumatatu, jua likiwa halijakaza, wakafika kwa Bitegeko.

Hakuwa mrefu. Hilo lilimchukiza Saleh kwa namna asiyoweza kuieleza, maana alikuwa amejiandaa. Bitegeko alikuwa mtu wa kimo cha kawaida, mwenye mvi za mapema na mikono ya kulima, akatoka na kikapu cha buni kama mwenyeji yeyote. Uani zizi lilikuwa tupu, limepandwa maboga.

Mwajabu hakuingia. Alifika kwenye mlango wa ua, pale ambapo uzio wa matete umeachia nafasi ya mtu mmoja, akapiga magoti nje yake, vumbini, akasalimu kwa macho ya chini. Nyumbani Saleh alisalimiwa na mkewe amesimama, mara nyingine na mwiko mkononi. Alimwangalia amepiga magoti mbele ya mtu huyu.

"Ingia," alimwambia.

"Siwezi, Bwana. Mahari yalirudishwa. Mwanamke ambaye mahari yake yamerudishwa haruki kizingiti cha nyumba hii tena. Nitakutafsiria kutoka hapa."

Ndivyo biashara ilivyofanyika. Saleh na Bitegeko walikaa uani juu ya majani ya migomba, na maneno yakaenda nje ya uzio na kurudi, yamebadilishwa lugha njiani. Bitegeko alileta chombo. Kilikuwa kidogo kweli, cha kutosha viganja viwili, cheusi, laini, na kilinuka moshi wa nyasi wanazofukizia vyombo vya maziwa. Hata Saleh, aliyeona kaniki nyingi kuliko vitu vizuri, alijua kwamba Mzungu wa Bukoba angeketi chini akikiona. Aliinua macho. Bitegeko hakuwa anakitazama chombo. Alikuwa anatazama nafasi ile kwenye uzio.

Saleh hakungoja tena.

"Mwambie kabla ya bei nina jambo. Mwambie nataka tufanye mukago, mimi na yeye."

Nje ya uzio matete yakatikisika.

"Mwajabu?"

"Unajua unachoomba?"

"Najua. Tafsiri."

"Bwana, jambo hili halirudishwi. Sikiliza kwanza nikwambie."

"Nimesema tafsiri," alisema Saleh, na wivu wote wa miaka mitano ulikuwa ndani ya neno hilo moja, hata wapagazi waliokuwa wakipumzika kivulini waligeuka.

Akatafsiri. Sauti yake ilikuwa tambarare kama ya mtu anayesoma barua ya mwingine. Bitegeko alisikiliza, akamtazama Saleh kwa muda mrefu usoni, kama anayetafuta humo jambo ambalo hakutegemea kulikuta. Kisha akaitikia kwa kichwa, akaenda kumwita jirani awe shahidi.

Haikuchukua muda. Jirani alikuwa mzee mwenye kisu kidogo na mkono usiotetemeka. Aliwachanja wote wawili karibu na kitovu, akaipasua buni, akapaka punje moja damu ya huyu na nyingine damu ya yule, akasema kiapo kirefu ambacho Saleh alitambua ndani yake neno ng'ombe na neno nguo. Saleh akaichukua punje kutoka kwenye kiganja cha Bitegeko, akaiweka chini ya ulimi. Kila kitu kilikwenda kama alivyopanga. Tayari alikuwa ameanza kutafuta kwa macho migomba ya kwenda kutemea, Bitegeko alipomshika mabega yote mawili na kumkumbatia kwa nguvu za mtu wa jembe, na punje ikamteleza kooni, ikashuka.

Alikohoa. Haikurudi.

Bitegeko akamwachia, akageukia uzio, akasema maneno machache tu. Hayakutafsiriwa. Mwajabu aliinuka, akajikung'uta vumbi magotini, akainua mguu, akavuka kizingiti.

Saleh alisimama. "Umesema huruhusiwi."

"Aliyekuwa mke wake haruhusiwi," alisema Mwajabu. "Mke wa ndugu yake hawezi kuachwa nje. Nilitaka kukwambia, hukutaka kusikia."

Akampita. Alimpita Bitegeko pia bila kumtazama, akaipita nyumba na mlango wake, akaingia moja kwa moja kwenye migomba nyuma kama mtu anayejua njia hata kwa macho yaliyofumbwa. Bitegeko alimfuata. Hakukimbia, ila hakukawia. Saleh alibaki uani na chombo cheusi mikononi na mchanjo unaomwasha tumboni. Kwa hiyo hivi ndivyo ilivyo, alijiambia. Nimekuja siku tatu kwa miguu kumletea mke wangu, nikajikata tumbo ili nimfungulie mlango. Alikuwa na maneno tayari, maneno mabaya, ameyahifadhi miaka mitano, akaondoka nayo kuelekea migombani.

Hawakuwa mbali. Hawakuwa wameshikana wala hawakuwa karibu. Mwajabu alikuwa amechuchumaa chini ya mgomba mnene, akitoa kwa mikono majani makavu yaliyoanguka, na chini ya majani ile ardhi ilikuwa imeinuka kidogo, fupi, imezungushiwa mawe madogo. Ilikuwa na urefu wa mkono wa Saleh na nusu. Bitegeko alikuwa amechuchumaa upande wa pili, naye akitoa majani. Mtu alikuwa amelitunza lile kaburi. Mawe yalikuwa yamepangwa upya si siku nyingi.

Saleh alisimama hapohapo, chombo bado mikononi.

"Alikuwa na miaka miwili," alisema Mwajabu bila kuinua kichwa. "Chombo ulichokishika ni chake. Tulikuwa na ng'ombe mmoja aliyebaki, na maziwa yote yalikuwa ya humo."

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza kitu cha Nkwenda hata siku moja, Bwana. Ulikuwa unaninusa tu. Nilitaka nije nisimame pale nje niangalie migomba kwa mbali. Basi. Sikutaka zaidi."

Bitegeko aliuliza kitu kwa Kinyambo, naye akamjibu. Walisema maneno machache, ya polepole, na mengine hawakuyamaliza kwa sababu mwenzake alikwisha kujua mwisho wake. Hakuna aliyecheka. Saleh angeweza kustahimili kicheko. Alisimama akiwaangalia watu wawili wakipalilia sehemu moja kutoka pande mbili bila mikono yao kugongana, kwa mazoea, na akaona wivu. Aliona aibu kuukuta humo, mahali kama pale, lakini ulikuwepo, mkubwa kuliko wa siku zote. Aliuonea wivu udongo wenyewe. Yeye na Mwajabu hawakuwa na chochote cha kupalilia pamoja.

Bitegeko akainua uso. Kiswahili chake kilikuwa kibovu kama Kinyambo cha Saleh, cha kununulia chumvi tu, akakitafuta neno kwa neno.

"Ndugu. Chombo hakuna bei. Wewe chukua." Akaonyesha kwa kidole chenye udongo. "Mtoto. Wangu. Sasa wako. Njoo."

Saleh aliangalia chombo. Alijua tayari kwamba hakitafika Bukoba, na kwamba mtu mwingine ndiye atakayemtafutia Mzungu vitu mwaka mzima. Ilimshangaza jinsi jambo hilo lilivyokuwa dogo. Alijua pia kwamba mtu huyu atakuja nyumbani kwake akitaka, mvua au jua, na atatandikiwa mkeka, na Mwajabu atamwita shemeji. Alikiweka chombo chini kwa uangalifu, mahali pa usawa. Kisha akachuchumaa upande wa miguuni pa kaburi, upande ambao haukuwa na mtu, akang'oa jani moja la nyasi, halafu jingine. Udongo ulikuwa na unyevu. Mwajabu alimtazama kwa muda, kisha akaendelea na kazi.

Walifanya kazi hivyo hadi mawe yote yakaonekana.

"Jina lake nani?" aliuliza Saleh.

Wote wawili walifungua vinywa kwa pamoja, wote wawili wakanyamaza, kila mmoja akimwachia mwenzake. Saleh akangoja, mikono juu ya magoti.